Kamshafti Kali na Springi za Valvu: Mwenye Gari la Turbo Tarime Aanzie Wapi?

Barabara kuu inayotoka Musoma huacha ukanda wa Ziwa Victoria, ambao uso wake uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ikapanda hadi Tarime, karibu mita 1,500, kisha ikaendelea mpaka Sirari. Ng'ambo ya mpaka ni Isebania, halafu Migori na Kisii, hadi Nairobi. Kwa fundi wa magari wa Tarime, Nairobi na maduka yake ya spea ya Kirinyaga Road iko karibu kuliko Dar es Salaam na Gerezani yake kwa mamia ya kilomita. Ndiyo maana mji huu wa mpakani hupata haraka magari na spea zinazopendwa upande wa pili: Subaru Impreza WRX, Forester ya turbo, Mitsubishi Lancer Evolution, Toyota Mark II na Chaser zenye injini ya 1JZ-GTE.

Mwenye gari la namna hiyo akishabadili ekzosi, akaongeza presha ya turbo kidogo na kuonja nguvu mpya, mara nyingi hatua inayofuata anayoisikia kwa wenzake ni kamshafti kali. Hapo huja swali ambalo hugawanya gereji nzima: je, springi za valvu nazo lazima zibadilishwe, au zile zilizotoka na injini zinatosha?

Mara nyingi, ndiyo, zibadilishwe. Lakini sababu haiko kwenye jina la kamshafti wala kwenye sifa za muuzaji. Iko kwenye mambo manne yanayopimika: kimo ambacho kamshafti inainua valvu, mizunguko ambayo injini itafikishwa, presha ya turbo, na hali ya springi zilizomo sasa. Mwenye gari akiyajua hayo manne atajibu swali hili mwenyewe, tena atajua kama kamshafti zenyewe anazihitaji.

Springi inafanya kazi gani

Nundu ya kamshafti ndiyo inayosukuma valvu ifunguke. Kuifunga na kuirudisha kwenye siti yake ni kazi ya springi peke yake. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kamshafti huzunguka nusu yake, mara 3,000, maana yake kila valvu hufunguka na kufunga mara 50 kwa sekunde. Katika muda huo mfupi springi inatakiwa ihakikishe kikombe cha valvu hakiachani na nundu hata kidogo.

Ikishindwa, valvu huelea: nundu imekwisha kupita lakini valvu bado iko hewani, au imerudi kwa kishindo ikadunda kwenye siti na kufunguka tena. Injini huacha kuvuta, hukatakata juu ya mizunguko fulani, na presha ya turbo hucheza. Hayo ni madhara madogo. Katika injini za Subaru EJ20 za turbo na Mitsubishi 4G63, ambamo njia ya pistoni na njia ya valvu hupishana, valvu iliyochelewa kurudi huweza kugongwa na pistoni. Baada ya hapo mwenye gari hazungumzii tena springi. Anatafuta silinda hedi, pistoni, na pengine injini nzima.

Nguvu inayotakiwa kuizuia valvu isielee hukua kwa kasi kuliko watu wanavyodhani. Haiongezeki sawa na mizunguko, bali kwa mraba wake. Injini iliyokuwa ikiishia mizunguko 6,500 ikipelekwa 7,500, mizunguko imeongezeka kwa asilimia 15 tu, lakini nguvu inayotakiwa kuidhibiti valvu imeongezeka kwa asilimia 33. Springi iliyokuwa na akiba ndogo huishia hapo.

Umbo la nundu nalo lina sehemu yake. Kamshafti kali huinua valvu juu zaidi na mara nyingi huifungua na kuifunga kwa mwendo mkali zaidi. Kwa hiyo kamshafti mbili zilizoandikwa nyuzi 264 zinaweza kudai springi tofauti kabisa, kwa kuwa idadi ya nyuzi hueleza muda ambao valvu inakaa wazi, haielezi ni kwa ukali gani imerushwa.

Turbo inaongeza mzigo wake

Katika injini isiyo na turbo, hesabu huishia hapo. Kwenye gari la turbo kuna mkono mwingine unaosukuma. Hewa iliyoshindiliwa kwenye manifoldi hukaa mgongoni mwa valvu ya kuingizia na kuisukuma ifunguke, kama mtu anayesukuma mlango kutoka nje huku mwenye nyumba akiuegemea kwa ndani. Springi ndiyo mwenye nyumba.

Ukubwa wa msukumo huo unahesabika kwa penseli. Valvu ya kuingizia ya EJ20 ya turbo ina kipenyo cha milimita 36, yaani eneo la sentimita za mraba zipatazo 10. Kwa presha ya baa 1, hewa inasukuma valvu hiyo kwa nguvu ya kilo 10 na kidogo. Kwa baa 1.5, inakaribia kilo 16. Ikiwa springi ya zamani inakaza kilo 22 valvu ikiwa imefungwa, basi kwa baa 1.5 kinachobaki cha kuishikilia kwenye siti ni kilo kama 6 tu, na hapo ndipo valvu hudunda kila inaporudi.

Hesabu hiyo ina upande wake wa pili, na fundi makini huueleza. Ndani ya silinda nako kuna presha. Wakati pistoni inashindilia, presha ya ndani hupita ile ya manifoldi na kuisaidia springi kuibana valvu. Kwa hiyo si kila sekunde valvu inasukumwa na kilo 16 kamili. Hesabu ya penseli inaonyesha hali mbaya zaidi inayoweza kutokea, na kwa kuchagua spea hiyo ndiyo ya kutumia.

Valvu ya kutolea moshi husahaulika sana, ingawa mara nyingi ndiyo inayoteseka zaidi. Kati ya injini na turbo, moshi hushindiliwa ukisubiri kupita kwenye feni. Kwenye turbo ndogo iliyolazimishwa kufanya kazi kubwa, presha hiyo ya moshi inaweza kufika mara mbili ya presha ya hewa inayoingia. Silinda inapovuta hewa kwa baa 1 huku nje ya valvu ya moshi kukiwa na baa 2, tofauti ni baa 1 inayotaka kuifungua. Kwa valvu ya milimita 32, hiyo ni nguvu ya kilo 8 hivi, tena kwenye valvu na springi zinazokaa ndani ya joto kali. Anayebadili springi za upande wa kuingizia tu ili aokoe fedha amefanya nusu ya kazi.

Tarime iko juu, na turbo inajua

Kwenye mita 1,500, hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam au Tanga kwa karibu moja ya sita. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Ya turbo hupoteza kidogo, kwa sababu kompresa inaweza kuzunguka haraka zaidi ikafidia. Fidia hiyo ina gharama.

Tuchukue gari ambalo kompyuta yake imepangwa kufikisha presha kamili ya kilopaskali 200 ndani ya manifoldi. Pwani, ambako hewa ya nje ina kilopaskali 101, turbo inaongeza 99 tu. Tarime, ambako hewa ya nje ina kama 85, lazima iongeze 115. Geji ya dereva inasoma baa 1.15 badala ya baa 1, valvu inasukumwa kwa kilo 12 badala ya 10, na turbo inayozunguka haraka zaidi inarundika moshi mwingi nyuma yake. Ramani ya injini iliyotengenezwa na fundi wa pwani, ikaja kutumika Tarime, Nyamwaga au kwenye vilima vya kuelekea Mugumu bila kupitiwa upya, inaweza kuibebesha springi mzigo ambao aliyeitengeneza hakuukusudia.

Vumbi nalo lina hesabu yake. Kwenye barabara za changarawe za Nyamongo na Serengeti, chujio la hewa lililo wazi, lile la kofia linalofungwa ili turbo ipige mluzi, hupitisha vumbi laini linalokula gaidi za valvu. Gaidi ikilegea, valvu hucheza pembeni inaporudi, haikai sawasawa kwenye siti, na hakuna springi mpya inayoweza kuponya hilo. Boksi la chujio lililofungwa vizuri, lenye chujio safi, ni spea ya lazima kwa gari la turbo katika wilaya hizi.

Magari ya Safari Rally yanasema nini

Afrika Mashariki ina ushahidi wake kuhusu injini za turbo kwenye nyanda za juu na barabara mbaya. Toyota Celica Twin Cam Turbo ilishinda Safari Rally miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Mwaka 1990 Patrick Njiru wa Kenya aliifikisha mwisho Subaru Legacy ya Kundi N, na likawa gari la kwanza la kundi hilo kumaliza Safari. Kanuni za Kundi N zililazimisha injini ibaki karibu sana na ilivyotoka kiwandani. Ilikuwa injini ya turbo, yenye silinda hedi isiyotofautiana sana na za dukani, ikapita maelfu ya kilomita za mawe, matope na joto.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni wa mwaka 1997, Colin McRae aliposhinda Safari kwa Subaru Impreza WRC. Kanuni za wakati ule zililazimisha hewa yote ya turbo ipite kwenye tundu la milimita 34. Hewa ikishafika kikomo cha tundu hilo haiongezeki tena, hata injini izungushwe vipi. Wahandisi wakaitengeneza injini ivute kwa nguvu chini na katikati: nguvu yake ya farasi 300 ilifikia kilele kwenye mizunguko 5,500 hivi. Gari lililowashinda wote kwenye mojawapo ya mashindano magumu kuliko yote duniani halikutafuta nguvu kwenye mizunguko 8,000.

Mwenye Forester ya turbo au WRX yenye turbo ndogo ya TD04 yuko katika hali hiyohiyo, ingawa hakuna kanuni iliyomfunga. Turbo yake ndogo ndiyo tundu lake. Juu ya mizunguko 6,000 imekwisha pumzi, na kamshafti iliyotengenezwa kunenepesha nguvu za juu haitapata hewa ya kuifanyia kazi. Kibaya zaidi, kamshafti ya nyuzi nyingi huacha valvu za pande zote mbili wazi kwa pamoja muda mrefu zaidi. Presha ya moshi ikiwa kubwa kuliko ya hewa, moshi hurudi ndani ya silinda, na turbo huchelewa kuamka. Kwenye mlima wa kutoka Mto Mara, dereva huyo atalaumu klachi, plagi na petroli, kumbe alibadilisha mvuto wake wa chini kwa nguvu za juu ambazo hazifikii.

Kwa magari ya dizeli ya turbo, kama Land Cruiser zinazobeba watalii wa Serengeti na wafanyakazi wa migodini, mjadala huu ni mfupi. Injini hizo huishia chini ya mizunguko 5,000, na mwenye nazo atafaidika zaidi na nozeli safi, interkula nzima na mfumo wa kupoza maji uliosafishwa.

Lini springi za kiwandani zinatosha

Zipo kamshafti zilizoundwa makusudi zifungwe bila kugusa springi. Tomei wa Japani, kwa mfano, hutofautisha waziwazi bidhaa zake: Poncam ni kamshafti za kuongeza nguvu kidogo zinazokusudiwa kukaa na springi za kiwandani, wakati Procam zinadai springi kali zaidi. Watengenezaji wengine wa kuaminika nao huandika kwenye kadi ya kamshafti ni springi gani inayohitajika na mwisho wa mizunguko inayoruhusiwa. Kadi hiyo isomwe kabla ya kulipa. Kamshafti isiyo na kadi, iliyotolewa kwenye rundo la spea za mitumba, haina taarifa yoyote ya kuanzia kazi.

Injini yenyewe nayo huangaliwa. EJ207 ya Impreza STI ya soko la Japani ilitoka kiwandani na mstari mwekundu wa mizunguko 8,000. Springi zake, zikiwa katika hali nzuri, zina akiba ambayo springi za injini ya kawaida ya familia hazina. Mwenye nayo anayefunga kamshafti laini, asiyepita mstari huo na asiyeongeza presha sana, anaweza kubaki na springi zake.

Neno zito hapo ni "hali nzuri". Tanzania haina marufuku ya umri wa magari kama ya Kenya, inayokataa kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8, na kwa hiyo upande wa Tarime kuna magari mengi ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Springi iliyobanwa na kuachiwa kwa zaidi ya miaka 20, ikapitia injini kuchemka mara kadhaa na oili iliyochelewa kubadilishwa, haikazi tena kama ilivyokaza. Injini iliyonunuliwa kama ya mtumba kutoka Japani ina historia isiyojulikana kabisa. Kwa injini za umri huo, kamshafti mpya bila springi mpya ni hatari hata kama kadi imeruhusu, kwa sababu mtengenezaji wa kadi alizungumzia springi zilizo sawa na mpya.

Kwa ufupi, springi zibadilishwe bila mjadala pale mojawapo ya haya inapokuwa kweli: mtengenezaji wa kamshafti amedai hivyo, mizunguko itapita mstari mwekundu wa kiwandani, presha ya turbo itapandishwa mbali na ya kiwandani, tuseme kutoka baa 0.8 hadi 1.4, au kipimo kimeonyesha springi za sasa zimechoka au zitashikana pete valvu ikiwa juu.

Kupima bila mashine za gharama

Kazi hii inaweza kufanyika Tarime kwa uaminifu, hata pasipo mashine maalumu ya kupimia springi. Inahitaji vernia nzuri, geji ya saa, jiliwa, mashine ya kutobolea ya mezani na mizani.

Kwanza hupimwa urefu wa kufungia: valvu ikiwa imekaa kwenye siti yake, sahani ya juu na kolleti zikiwa mahali pake, fundi hupima kutoka kikao cha springi hadi chini ya sahani. Tuseme amepata milimita 38. Pili, springi hubanwa kwenye jiliwa hadi pete zote zigusane, na urefu huo hupimwa. Tuseme ni milimita 26. Kamshafti mpya ikiinua valvu milimita 10, springi itabaki na urefu wa milimita 28, yaani kuna nafasi ya milimita 2 kabla ya pete kushikana. Hiyo inatosha. Kamshafti ya milimita 11 ingeacha milimita 1 tu, na hapo springi nyingine itafutwe; nafasi iliyo chini ya milimita 1.5 ni ya mashaka. Pete zikishikana injini ikiwa kwenye mwendo, kitu lazima kivunjike: springi, sahani au nundu yenyewe.

Tatu hupimwa nguvu. Springi huwekwa juu ya mizani imara ya jukwaa, kama ile ya kupimia magunia ya kahawa au mahindi, chini ya mashine ya kutobolea. Fundi huishusha hadi springi ifike urefu wa kufungia akiupima kwa vernia, kwa sababu jukwaa la mizani hushuka kidogo, kisha husoma kilo. Halafu huendelea hadi urefu wa valvu ikiwa wazi kabisa, akasoma tena. Miwani ya kinga ivaliwe, na springi isimamishwe wima kabisa. Ikichomoka pembeni huruka kwa nguvu ya kumtoboa mtu jicho. Springi zote 16 za EJ20 au 4G63, au 24 za 1JZ-GTE, zilinganishwe. Iliyopungua kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na kipimo cha mpya haifai kurudi kwenye injini ya turbo.

Nne ni nafasi kati ya chini ya sahani na sili ya valvu, ambayo nayo isipungue milimita 1.5 valvu ikiwa juu kabisa. Tano ni nafasi kati ya valvu na pistoni. Plastisini ya kuchezea watoto hubandikwa juu ya pistoni, silinda hedi hufungwa kwa gasketi iliyotumika, injini huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha hedi hufunguliwa na unene uliobaki hupimwa. Milimita 2 upande wa kuingizia na 2.5 upande wa moshi ndiyo mipaka inayokubalika na wengi.

Kuna jambo moja ambalo huwaponyoka hata mafundi wazoefu. Silinda hedi ya zamani iliyosagwa siti mara mbili au tatu huifanya valvu izame ndani, na shina lake litokeze zaidi kwa juu. Urefu wa kufungia unaongezeka, na springi inalegea hata kama ni mpya. Springi inayokaza kilo 3.5 kwa kila milimita hupoteza kilo 3.5 kwa milimita moja ya kuzama. Dawa ni shimu nyembamba chini ya springi, zilizochaguliwa kwa kila valvu peke yake mpaka zote zilingane.

Springi kali kupita kiasi nayo ni kosa

Akishaogopeshwa na habari za valvu kuelea, mwenye gari anaweza kukimbilia springi kali kuliko zote dukani. Huko nako kuna hasara. Kila kilo ya ziada hubonyeza nundu ya kamshafti na kikombe chake, hupasha oili joto, na huuongezea mzigo mkanda wa taiming, ambao kwenye EJ20, 4G63 na 1JZ-GTE ndio unaozungusha kamshafti zote. Siti za valvu hugongwa kwa nguvu zaidi kila zinapofungwa. Kwa injini zenye vifidio vya haidroliki, kama 4G63, springi iliyozidi kipimo huvikandamiza mpaka vishindwe kazi.

Hatari huwa kubwa zaidi kwa kamshafti iliyosagwa upya kwenye karakana badala ya kununuliwa mpya. Kusaga huondoa sehemu ya tabaka gumu la juu, na springi kali hulimaliza lililobaki haraka. Kusaga hupunguza pia duara la chini la kamshafti, kwa hiyo nafasi ya valvu lazima ipangwe upya kwa shimu au vikombe vinene zaidi. Katika injini zenye shimu juu ya kikombe, kamshafti kali kwenye mizunguko mikubwa inaweza kuirusha shimu nje. Mwenye injini hiyo aulizie mapema mfumo wa shimu za chini ya kikombe.

Springi inayofaa ni ile yenye akiba ya kutosha kwa presha na mizunguko itakayotumika kweli. Ikiwa presha itakuwa baa 1.4, hesabu ya valvu ya milimita 36 inadai karibu kilo 15 kwa ajili ya hewa peke yake. Mwenye gari aangalie kilo zinazobaki baada ya kuzitoa hizo. Springi pamoja na sahani na kolleti zinunuliwe kama seti ya mtengenezaji mmoja, kwa sababu pembe za kolleti na upana wa kikao hutofautiana.

Fedha ianzie wapi

Kwa gari la matumizi ya kila siku kati ya Sirari, Tarime na Musoma, kamshafti ziwe mwisho wa orodha. Kwanza ni afya ya injini: mgandamizo wa kila silinda, oili sahihi, mkanda wa taiming mpya na mfumo wa maji usiovuja. Kisha chujio na mabomba ya hewa yasiyopitisha upepo, ekzosi iliyo wazi baada ya turbo, pampu ya petroli na nozeli zenye uwezo, na ramani ya injini iliyotengenezwa kwa hewa ya nyanda za juu kwa msaada wa mita ya uwiano wa hewa na petroli. Kwa turbo ndogo ya kiwandani, nguvu nyingi zinazopatikana kwa usalama zimo humo. Kamshafti huanza kulipa pale turbo kubwa zaidi inapofungwa na injini inapoombwa kupumua juu ya mizunguko 6,000.

Springi ni tofauti. Zina nafasi yake hata kwa asiyetaka kamshafti. Silinda hedi inapofunguliwa kwa sababu nyingine, gasketi imeungua au valvu zinavuja, gharama ya kuzitoa springi imekwisha kulipwa. Kwenye Subaru, yenye hedi mbili zilizolala pembeni na kamshafti nne, kuifungua tena baada ya miezi sita kwa ajili ya springi peke yake ni kuishusha injini mara ya pili. Mwenye gari la turbo la zaidi ya miaka 20 afunge springi mpya siku hiyohiyo, angalau za kipimo cha kiwandani, pamoja na sili mpya za valvu.

Na gari linalokatakata kwenye presha kubwa lisihukumiwe haraka kuwa na springi mbovu. Koili dhaifu na plagi zenye mwanya mpana hutoa dalili hiyohiyo, na ni rahisi zaidi kurekebisha. Mwanya wa plagi upunguzwe hadi milimita 0.6 au 0.7, koili zikaguliwe, presha ya petroli ipimwe. Ikiwa bado linakata, presha ya turbo ishushwe huku mizunguko ikibaki ileile. Tatizo likiondoka ilhali moto na petroli vimethibitishwa kuwa vizima, ndipo springi zishukiwe. Jaribio hilo lifanyike kwenye mashine ya kupimia nguvu, inayopatikana miji mikubwa kama Nairobi. Barabara ya Sirari ina ng'ombe, bodaboda na wanafunzi kila saa ya mchana.

Baada ya kufunga, nundu na vikombe vipakwe mafuta mazito ya kufungia kabla ya kuwasha, na injini izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili ili kuthibitisha hakuna kinachogusana. Ikiwaka, isiachwe ikinguruma kivivu; mizunguko 2,000 kwa dakika kama 20 huzipa nundu mpya oili ya kutosha. Presha ya turbo ibaki ya chini kwa kilomita 500 za kwanza, kisha oili na chujio lake vibadilishwe. Chujio la zamani likatwe na kukunjuliwa: vumbi laini la chuma ni la kawaida, vipande vinavyoonekana kwa macho si vya kawaida. Kwenye kilomita 1,000 vifuniko vya valvu vifunguliwe, nafasi za valvu, kwa injini zisizo na vifidio vya haidroliki, zipimwe tena kwa fila geji injini ikiwa baridi, na vipimo viandikwe kwenye daftari la gari pamoja na tarehe. Valvu moja ambayo nafasi yake imebadilika kuliko wenzake, kwa upande wowote, irudiwe kuchunguzwa kabla presha ya turbo haijapandishwa.